Betri Mbili za Kitanda cha Dereva

Mama Koili hakuweza kupita karibu na mota inayozunguka bila kuisikiliza. Hata akiwa sokoni, mashine ya kusaga ikinguruma ng'ambo ya barabara, angesimama na kuinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kwa mbali, kisha angesema, "Beringi ya ile imekwisha," na kuendelea kuchagua nyanya zake. Kazi yake ilikuwa kusuka mota. Mota ya pampu au ya feni ikiungua, yeye ndiye aliyeng'oa nyaya zilizogeuka mkaa ndani yake na kusuka nyingine mpya za shaba, mzunguko juu ya mzunguko mpaka ziwe koili, hadi mota irudi kwenye uhai. Kibanda chake kilibanwa katikati ya fundi simu na mchaji betri, na alikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya mizigo, na mtaa mzima ulimwita Dereva hata alipokuwa haendeshi tena chochote. Moyo wake ulichoka. Daktari alieleza kwa upole kwamba moyo ukishindwa kusukuma damu, maji hupanda kifuani, na mgonjwa akilala bapa maji hayo humkaba. Akiketishwa wima, Dereva alipumua vizuri na hata kutania. Akilala chini kwa muda, alianza kuvuta pumzi fupi fupi kama mtu anayepuliza chai ya moto. Lakini kuketi kutwa nako kulimuumiza mgongo. Ilibidi ashushwe, apumzike kidogo, kisha ainuliwe upesi, na mikono yake haikuwa tena na nguvu ya kujiinua.

Basi swali la nyumba ile likawa moja tu: mchana, mkewe akiwa kazini, nani atamwinua?

Kwa muda ilikuwa dada yake Dereva, wifi wa Mama Koili, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa zamu na moyo mwema uliofichwa chini ya sauti hiyo. Alikuja kila asubuhi akitokea upande wa pili wa mji, akaacha nyumba yake mwenyewe ikijiendesha. Mwishowe alichoka.

"Wifi, nimchukue nikakae naye kwangu," alisema. "Kule watu hawakosekani. Hapa mtakuja kumkuta amekata roho mkiwa mnasuka masufuria yenu."

"Mota, wifi. Nasuka mota."

"Vyote si vinapiga kelele?"

Dereva alitikisa kichwa kitandani. Hakutaka kuhama. Alikuwa amelala katika vyumba vya kulala wageni na chini ya matrela maisha yake yote, na alishasema mara nyingi kwamba Mungu akimpa nafasi ya kuchagua, atafia chini ya bati lake mwenyewe.

Hapo ndipo Mama Koili alipotengeneza kitanda. Upande wa kichwani aliukata na kuutia bawaba. Chini yake akaweka mota ya waipa ya basi bovu, aliyoisuka upya yeye mwenyewe, ikizungusha skrubu ndefu ya chuma inayosukuma ubao juu taratibu. Kwa kuwa umeme wa nyumbani ulikuwa wa kukatika-katika, aliiunga kwenye betri ya gari. Tena, kwa kuwa vidole vya Dereva havikuweza kukandamiza swichi muda wote wa kupanda, ilihitajika akili fulani: kitu cha kupokea mguso mmoja mwepesi na kumalizia kazi chenyewe, kikajua wapi pa kusimama. Fundi simu alimpa kidhibiti kidogo, kibao cha kijani kisichozidi kiganja, akakiingizia maagizo kwa kompyuta yake. Mama Koili alikiita ubongo. Kilikuwa na taa ndogo iliyomemeta mara chache kinapoamka, kisha ikatulia kungoja amri. Na kwa kuwa betri ile ilikuwa kubwa, aliunga ubongo na mota kwenye betri hiyo moja. Aliona fahari hata. Betri moja, nyaya chache, kazi safi.

"Umemfunga kaka yangu mota ya waipa," Wifi alisema alipokiona. "Mvua ikinyesha ataanza kufuta madirisha."

Dereva alicheka mpaka mkewe akaogopa. Kisha akagusa kitufe, kitanda kikanguruma na kumwinua polepole, mpaka akawatazama wote uso kwa uso.

"Gia ya kwanza," alisema. "Nzito. Lakini inapanda."

Wakakubaliana hivi: Wifi arudi kwake. Mchana Dereva atajishusha apumzike, atajiinua, na akishainuka atambipu mkewe. Simu ilie mara moja na kukatika, asipoteze pumzi kwa maneno. Kila alasiri, kibandani, Mama Koili aliiweka simu juu ya meza karibu na bunda la nyaya, na mpaka ilie mikono yake ilikuwa inafanya kazi bila yeye mwenyewe kuwepo. Ikilia, alisema kwa sauti, "Asante Mungu," na mchaji betri aliitikia "Amina" bila kuinua macho kwenye maji yake ya asidi.

Siku chache zilipita kwa amani. Kisha siku moja alirudi nyumbani akamkuta Dereva ameinuliwa nusu tu, kichwa kimeegemea upande, jasho limemtoka.

"Kilikuwaje?"

"Kilipanda... kikasimama. Nikagusa tena... kikapanda kidogo, kikasimama. Ile taa ikawa ina..."

"Inamemeta. Najua. Usijichoshe."

Tabia hiyo ya kummalizia sentensi ilianza kwa huruma. Pumzi za Dereva zilikuwa chache, na mkewe hakutaka azitumie kwa maneno ambayo yeye angeweza kuyasema badala yake. Alimmalizia mbele ya daktari, mbele ya wageni, hata katika sala ya jioni. Mara nyingi alipatia. Hakuwaza juu ya zile alizokosea, kwa sababu Dereva alikuwa anafumba macho tu na kuacha yapite.

Kumemeta kwa taa kulimwambia jambo moja: ubongo ulikuwa unazimika na kuamka upya katikati ya kazi, na kila unapoamka umesahau ulikuwa unafanya nini. Basi ugonjwa uko kwenye ubongo. Aliubeba hadi kwa fundi simu.

"Kibao chako kina kifafa," alimwambia.

Fundi simu, mtu mzima mwenye kipara na miwani mbili, moja puani na moja kipajini, alikipima chote. "Kizima hiki, dada. Labda hiyo mota yako inak..."

"Mota?" Mama Koili aliweka mikono kiunoni. "Mota ile nimeisuka mimi."

"Haya. Basi nimekosa mimi na mama aliyenizaa."

"Mama yako muache. Wewe umekosa."

Mchaji betri alicheka, naye fundi simu akalehemu upya kila kiungo kwa risasi iliyoyeyushwa, ili kumridhisha. Asubuhi iliyofuata kitanda kilitii kama askari. Alasiri kikagoma. Akanunua kibao kingine. Asubuhi kikatii, alasiri kikagoma, na safari hiyo jirani ndiye aliyesikia Dereva akigonga kijiko kwenye chuma cha kitanda, akaja kumsaidia. Ilikuwa kama mtoto anayeumwa nyumbani na kupona mlangoni pa zahanati. Kila Mama Koili alipokuwepo na kujaribu asubuhi, hakukuwa na kosa la kushika.

Alianza kuogopa vitu vidogo. Alishtuka simu ya mtu mwingine ikilia. Alipoteza hesabu ya mizunguko katikati ya koili, akalazimika kufumua na kuanza upya, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu alipokuwa mwanagenzi. Asubuhi akifunga mlango alirudi mara mbili au tatu kukigusa kitufe. Mara ya mwisho Dereva alimshika kiganja, akamwita kwa jina la kazi yake.

"Fundi. Hii kitu... ni kama nikipiga stata..."

"Kama gari bovu, najua. Nitaitengeneza, Baba. Wewe pumua."

Dereva alifumba macho.

Wifi alizipata habari za kijiko. Alikuja Alhamisi, hakuketi. "Kesho jioni nakuja na gari," alisema. "Usinichukie. Wewe unampenda, mimi nampenda, lakini kitanda hakimpendi."

Mama Koili alijua wifi yake hakukosea.

Usiku huo betri ilichajiwa kama kawaida, na Ijumaa asubuhi kitanda kilipanda na kushuka bila shida. Dereva alisema nenda, pampu ya watu inangoja. Jirani aliahidi kutega sikio. Mama Koili akaenda.

Alasiri ikafika, simu haikulia.

Alijiambia amesinzia. Akazungusha waya. Simu ilikaa kimya juu ya meza, kioo chake kimejaa vumbi la shaba. Akampigia. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mchaji betri aliinua macho.

"Bado?"

Aliacha koili ikining'inia nusu, akakimbilia pikipiki ya kwanza aliyoiona barabarani, hakukumbuka hata kufunga kibanda. Njia nzima alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali: Ee Mungu, bado. Ee Mungu, bado.

Nyumba ya jirani ilikuwa inapiga redio kwa sauti kubwa, harusi ya mtu fulani inatangazwa. Ndani, Dereva alikuwa bapa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kijiko kilikuwa sakafuni, simu iko shukani mbali na vidole vyake, na kidole kimoja bado kilikuwa kinagusa kitufe, kinagusa, kinagusa, na kila kinapogusa mota ilitoa mguno mmoja, taa ya ubongo ikamemeta, kisha kimya.

Mama Koili aliingiza mikono chini ya makwapa yake, akapanda kitandani kwa magoti, akamwinua kwa nguvu ambayo baadaye hakujua aliitoa wapi. Akamwegemeza kifuani kwake. Walikaa hivyo, yeye nyuma na mumewe mbele, kama watu wawili juu ya pikipiki. Alizisikiliza pumzi zile kama alivyokuwa akisikiliza mota za watu. Zilikuwa mbaya. Kisha ubaya ukapungua kidogo. Kisha zikaanza kuja kwa mpangilio.

Hivyo ndivyo Wifi alivyowakuta, mkoba begani, gari likingoja nje. Alisimama mlangoni. Aliweka mkoba chini, akaenda kuchukua mito.

"Mchukue," Mama Koili alisema, machozi yanamtiririka. "Mchukue, wifi. Nimeshindwa. Nilifikiri ubongo ule..."

Dereva aliinua mkono. Haukuwa juu sana, lakini ulikuwa ule mkono wa dereva anayemsimamisha utingo wake.

"Mtanisikiliza," alisema, "au mtanizika... kwanza?"

"Baba, usijichosh..."

"Fundi." Akangoja. Mkewe akafunga mdomo. Alivuta pumzi, akasema kipande. Akavuta nyingine, akasema kipande. Ilichukua muda mrefu, na Mama Koili aliuma midomo asimmalizie hata neno moja.

"Lori langu la kwanza. Betri ilikuwa imezeeka. Nikiwa nasikiliza redio... nikapiga stata... redio inazima. Injini ikishika, redio inawaka. Lakini imesahau stesheni. Inaanza mwanzo." Akapumua. "Redio haikuwa mbovu. Stata inakula sana. Ikianza kula... wengine wote wanakosa. Kila alasiri nipo hapa juu ya mota. Nikigusa, nasikia inavyovuta. Taa ya ubongo inafifia kwanza... ndipo inamemeta. Asubuhi betri imeshiba, inawatosha wote. Alasiri imechoka. Mota inanyang'anya."

Redio ya jirani ilikuwa imehamia kwenye matangazo ya sabuni.

"Kwa nini hukusema, kaka?" Wifi aliuliza.

Dereva alimtazama mkewe, na ndevu zake zikacheza kidogo. "Nilikuwa nasema. Nilikuwa na msemaji... lakini msemaji alikuwa na hotuba yake."

Mama Koili alificha uso wake mgongoni mwa mumewe. Maisha yake yote alijua jinsi mota inavyovuta inapoanza, hasa ikianza na mzigo. Aliwaeleza wateja kila wiki. Lakini hii aliisuka kwa mikono yake na kwa ajili ya mumewe, na hakuweza kuiona kama jambazi.

Wifi alilipa gari liondoke. "Nawapa mpaka kesho jioni," alisema. "Nami nalala hapa hapa, pembeni yake. Kitanda kisimguse."

Jumamosi asubuhi Mama Koili aliitoa betri ndogo kwenye taa ya jua ya jikoni. Aliukata ubongo kutoka kwenye betri kubwa, akauunga kwenye ile ndogo peke yake, ile kubwa akaiachia mota. Kila mmoja na chungu chake. Hakungoja betri kubwa ishibe. Aliiacha na uchovu wa jana makusudi, maana huko ndiko ugonjwa ulikokuwa ukijificha. Wifi alimshika Dereva mabega. Mama Koili akagusa kitufe.

Taa ya ubongo iliwaka, ikatulia vizuri, ikatoa amri. Haikumemeta hata mara moja. Na mota haikusogea. Hata mguno haikutoa.

Akagusa tena. Kimya. Jana angalau ilikuwa inaguna. Alikagua nyaya zake moja moja, zote zilikuwa mahali pake. Jasho likamwingia machoni. Nje gari lilipiga honi mtaani, akaruka kama ameungua, akidhani ndilo lililokuja kumchukua mumewe.

"Wifi," Wifi alisema taratibu, "tusimchezee mgonjwa."

"Fundi," Dereva aliita.

Mama Koili alijua anachotaka kusema, au alidhani anajua. Jibu lilikuwa tayari ulimini: *najua, Baba, nimekosea.* Alilimeza. Akasogea, akachuchumaa karibu na kichwa chake, akangoja.

"Kwenye gari," Dereva alisema, "taa ina waya wake. Honi ina wake. Stata ina wake." Akapumua. "Lakini nyaya za hasi zote... zinarudi kwenye chesisi, kwenye chuma cha gari. Zote. Chesisi ikishika kutu, taa haijui... honi haijui. Hizi betri zako hazina chesisi."

Mama Koili alibaki amechuchumaa. Kisha aliinuka polepole. Alikuwa amezitenga betri zile mpaka zikawa hazijuani kabisa. Ubongo ulikuwa unatoa amri upande wake, na swichi ya mota inayopokea amri hiyo, upande wa pili, haikuwa na mahali pa kuipimia. Ni kama kumwambia mtu panda juu wakati hamjakubaliana chini ni wapi. Alichukua kipande kimoja cha waya mweusi, akaunganisha hasi ya betri kubwa na hasi ya betri ndogo. Upande wa chanya hakuugusa, kila moja ikabaki na nguvu zake.

"Gusa wewe," alimwambia mumewe.

Dereva aligusa. Mota ilinguruma kwa uchovu, sauti nzito ya betri isiyoshiba, na taa ya ubongo haikutikisika. Kitanda kilipanda. Kilipanda kikapita pale kilipokuwa kikikwama, kikaendelea, kikasimama chenyewe mahali pake, na Dereva akawa ameketi anawatazama.

"Kishushe," Wifi alisema. "Kipandishe tena." Kikapanda tena. "Tena." Hakuridhika mpaka kaka yake alipomwambia anaanza kuona kizunguzungu kama abiria.

Jioni ile gari halikuja. Lakini Mama Koili hakulala kwa amani, wala Jumapili hakusikia mahubiri. Kitanda kilishawahi kumdanganya asubuhi. Siku aliyorudi kibandani aliketi na koili ile ile iliyoning'inia nusu, simu mbele yake, asiweze kuzungusha hata mara moja. Fundi simu hakumtania. Mchaji betri alijifanya anasafisha vichwa vya betri ambavyo vilikuwa safi tayari. Alasiri ilifika. Ikapita kidogo. Mama Koili alianza kutafuta viatu vyake chini ya meza kwa miguu.

Simu ikalia mara moja, ikakatika.

"Asante Mungu," alisema.

"Amina," wakaitikia wawili, kutoka pande zote mbili.

Ililia hivyo kila alasiri, majira mawili ya mvua na kiangazi kilichokuwa katikati yake. Na nyumbani, Dereva alipoanza sentensi, mkewe aliacha alichokuwa anafanya, akangoja mpaka mwisho. Ndiyo maana maneno mengi ya Dereva yanakumbukwa leo katika ukoo, hata mizaha yake, yote yakiwa na mikia yake.

Mungu alimwita alfajiri moja, sala yao ya asubuhi ikiwa bado haijaisha. Alikuwa ameketi. Wifi aliwaambia waombolezaji wote hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake ile: kaka yangu hakukabwa, kaka yangu aliondoka ameketi, chini ya bati lake. Mungu amrehemu.

Kitanda sasa kiko kwa mgonjwa mwingine mtaa wa pili, na Mama Koili ndiye anayekwenda kuziangalia betri zake mbili. Bado anasuka mota. Alasiri ikifika, mikono yake husimama juu ya shaba bila kuambiwa, naye huitazama simu. Kisha husema, "Asante Mungu," mchaji betri huitikia, na kazi huendelea.